Maji ya Chumvi kwa Basi la Thobias

Geita, 19 Januari 2025

Kaka Gelasius,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute ukiwa na afya, na mama naye awe ameacha kulalamikia magoti. Huku hatujambo. Blessing ameingia darasa la tatu bila meno mawili ya mbele, kwa hiyo Kiingereza chake anakisoma kwa mluzi.

Usishangae kuandikiwa barua wakati kila mtu ana simu. Nimekupigia tangu Krismasi, inaita mpaka inakata. Nikipiga ya mama, anasema uko shambani, nami nakusikia unakohoa nyuma yake. Sasa nimeamua kukuandikia, karatasi huwezi kuikata.

Thobias, kondakta wa basi la asubuhi, atakukabidhi chupa mbili zilizofungwa kwenye khanga. Usinywe. Ni maji ya tangi la bahari la hapa hotelini, lile aliloletewa Mzee Ngassa mwenye hoteli kutoka Dar mwaka jana akaliweka mapokezi, refu kama kitanda cha watu wawili, na matumbawe na samaki wake. Watu wanatoka Katoro kuja kulipiga picha. Kwamba mimi ndiye ninayelitunza, hilo unalijua.

Kaka, tangi linaumwa. Mawe yameota utando wa kahawia kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Konokono wote kumi na wawili wamekufa, na kamba wawili nao. Samaki ni wazima, wanakula kama wachimba kisima, lakini matumbawe yamejifunga hayataki kufunguka. Nimeongeza maji ya chumvi kila yanapopungua, hakuna nafuu.

Mzee ana sherehe ya kumuaga binti yake Loveness tarehe tatu Mei, na wageni wote watapita mbele ya kioo hicho. Ameniambia kwa upole kabisa kwamba tangi likiwa hivi siku hiyo, nitarudi kwenye kufua mashuka. Unamjua mtu akikwambia kwa upole.

Una lile sanduku lako la vipimo ulilorudi nalo kutoka Dar. Nipimie, uniambie nimekosea wapi tena.

Mdogo wako,
Coletha


Runzewe, 6 Februari 2025

Coletha,

Marahaba. Mama hajambo, magoti ni yaleyale. Mahindi yameshika, ila upande wa mtoni nguruwe wa jirani wameyapitia. Ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Chupa moja ilivuja kwenye gunia la dagaa la Thobias, tumeomba msamaha. Nyingine ilifika nzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu nina kazi.

Mama amepokea pia ile kalenda ya hoteli ya mwaka huu, wewe umesimama mbele ya tangi na kitambaa mkononi. Ameitundika sebuleni karibu na picha ya Bikira Maria, kwenye msumari uliokuwa na picha yangu ya Dar. Picha yangu iko juu ya kabati, imelala. Kila mgeni anayeingia anaonyeshwa kalenda kabla hajapewa kiti.

Sasa maji yako. Kipimo cha chumvi kinatakiwa kisimame kwenye ishirini na tano. Chako kimesimama thelathini na mbili. Umewapikia samaki achari. Joto linapopunguza maji ya tangi, kinachoondoka ni maji peke yake, chumvi inabaki mle mle. Wewe ukaongeza maji ya chumvi juu ya chumvi. Kinachoongezwa ni maji baridi yasiyo na kitu, yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja ya jikoni kwenu, si ya kisima moja kwa moja. Weka alama ya kalamu kwenye kioo, ujaze mpaka hapo kila asubuhi. Chumvi uishushe polepole kwa wiki mbili, ukiishusha kwa siku moja utaua na hao samaki.

Naitreti nayo iko juu sana, ndiyo inayolisha huo utando. Maana yake chakula ni kingi. Nani anawalisha zaidi yako? Badilisha sehemu moja ya tano ya maji kila wiki, na hayo ndiyo uyachanganye na unga wa chumvi ya bahari, uyaache yazunguke siku nzima kabla ya kuyaingiza.

Vipimo vingine nimefanya, havina haja ya kuandikwa.

Ulikaa kwangu Tandika wiki sita za likizo, ukanisaidia kufuta vioo. Mimi nilifuta matangi ya watu miaka kumi na moja, nikarudi nyumbani kwa sababu mama alianguka na wewe ulikuwa na mtoto mchanga. Mzee wako alipouliza pale mapokezi kama kuna mtu anayeijua kazi hii, ulijibu, "Mimi." Hukusema una kaka aliyeko Runzewe, mwendo wa saa chache kwa basi. Nimeambiwa na mwanakwaya mwenzako. Siongezi neno.

Gelasius


Geita, 23 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo tena, maana marahaba yako ile ilikuja imekunja uso. Mpe mama hicho kitenge. Dume jipya mmeliitaje? Blessing anasema liitwe Dagaa, kwa heshima ya Thobias.

Umeniokoa. Chumvi sasa iko ishirini na sita na utando umeanza kubanduka. Mwenye chakula kingi nimemkamata: ni Masudi, mpishi wetu. Kila jioni alikuwa anawakatia samaki chapati, eti wanamwangalia kwa huruma. Nimemwambia akirudia nitamweka yeye kwenye kalenda ya mwakani, ndani ya tangi.

Lakini matumbawe bado. Liko moja lenye umbo la uyoga, lilikuwa na upana wa sahani ya pilau, wageni wanalipenda kuliko yote. Limejikunja kama ngumi, na pembeni linaanza kuwa jeusi. Naona pia maji hayazunguki vizuri. Uchafu wote unajikusanya mahali pamoja, nyuma ya jiwe la Mzee, na pampu ya kushoto inakoroma. Nizigeuzie wapi hizi pampu?

Jiwe la Mzee ni lile la duara lake la kwanza, shimo la kwanza kumpa dhahabu. Unajua desturi ya wachimbaji, duara likitema kwa mara ya kwanza, jiwe lililoonyesha dhahabu haliendi kusagwa, linakaa nyumbani kwa mwenye duara. Lake lilikaa uvunguni kwake miaka tisa. Siku ya kuzindua tangi alilileta mwenyewe na wanaapolo wanne, wachimbaji wake, likazamishwa katikati, watu wakapiga makofi. Linapendeza, linametameta.

Kuhusu yale uliyoandika mwishoni. Ni kweli nilijibu, "Mimi." Ulipokwenda Dar, kaka, nilitolewa chuo cha ushonaji nibaki namwogesha bibi. Miaka yote hiyo mama akisali anaanza na jina lako. Mwaka mmoja tu mtu ameniuliza mbele ya watu kama kuna ninachokijua, na sikutaka jibu langu liwe jina lako. Mzee akinipita asubuhi ananiita fundi. Ananiambia wabeja mbele ya mameneja. Ningefanyaje, nimwambie asinishukuru, akushukuru wewe?

Coletha


Runzewe, 15 Machi 2025

Coletha,

Marahaba. Kitenge mama amekivaa kwenye Njia ya Msalaba Ijumaa mbili mfululizo, na kila aliyemsifu alielezwa kimetoka kwa nani, pamoja na kazi yako, pamoja na jina la hoteli. Padri mwenyewe ameelezwa. Dume linaitwa Dagaa, mama amekubali, sina la kusema.

Barua zako namsomea kwa sauti kama anavyotaka. Kuna sehemu naziruka.

Pampu. Izime, uifungue, uitumbukize kwenye siki kutwa nzima, halafu uisugue kwa mswaki wa zamani. Inakoroma kwa sababu ina magamba ya chokaa. Kisha usizielekeze pampu mbili zitazamane, zinazuiana. Ya kushoto iwe juu, ipige kioo cha mbele, maji yagonge yarudi. Ya kulia iwe chini kidogo, isukume kwa nyuma. Usilipige tumbawe lolote moja kwa moja, utalichuna ngozi. Ukimaliza, dondosha chakula kidogo sana, utazame kinakwenda wapi. Kikizunguka tangi zima bila kulala, umepata. Juu maji yawe yanacheza muda wote, hapo ndipo hewa inapoingia. Umeme ukikatika, genereta iwashwe kwa ajili ya tangi kabla ya televisheni ya baa.

Habari ya jiwe tuiache. Ni mali ya mwenye nyumba na desturi ni desturi.

Kama hayo yote hayafai, basi inawezekana tatizo ni kubwa kuliko barua. Mafundi waliobobea wapo, wakiitwa kwa adabu wanakuja.

Kuhusu kuogesha bibi, ulikuwa unaweza kuniandikia wakati ule. Hukuandika.

Gelasius


Geita, 2 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Salamu za nyumbani leo nazifupisha, unisamehe, Thobias anasubiri na injini inawaka.

Pampu nimefanya ulivyosema. Chakula kinazunguka tangi zima, isipokuwa nyuma ya jiwe. Maji ni meupe kama ya kunywa. Samaki wanacheza. Na matumbawe yanakufa. Uyoga umeanza kuyeyuka, kila asubuhi nakuta vipande vyake chini. Mzee jana alisimama mbele ya kioo muda mrefu, hakuniita fundi. Imebaki mwezi mmoja.

Kuna jambo nilikuficha. Mwaka jana walipolileta tangi, yule mama mwenye duka la Dar ulikofanya kazi alikuja nalo kulipanga. Aliponisikia natoka Runzewe, Bukombe, aliniuliza kama namjua Gelasius. Halafu akanionyesha uyoga. Alisema ulimkata mwenyewe kutoka kwa tumbawe mama akiwa kipande cha ukubwa wa kifungo cha shati, ukamfunga kwenye jiwe kwa uzi, ukamlea miaka sita, na dukani wote walikuwa wanamwita Gelasi. Alisema ulipoondoka hakutaka kumuuza, ila aliishiwa nafasi.

Sikukuandikia. Sikumwambia Mzee. Kila mgeni anaposema, "Fundi, hili umelilea vizuri," mimi nasema asante. Ni lako, kaka, na mimi ndiye ninayesema asante.

Najua unangoja nikuite. Nimesoma, mafundi waliobobea, kwa adabu. Siwezi. Ukifika hapa siku moja tu ukazamisha mkono wako mle ndani, Mzee ataona fundi ni nani, na mimi nitarudi kwenye mashuka hata tangi likipona. Naona wivu, nakuandikia kabisa ili usihangaike kutafuta neno jingine. Lakini huyu ni wako, na anakufa mikononi mwangu. Kama kuna kitu unakijua, kiseme.

Coletha


Runzewe, 4 Aprili 2025

Coletha,

Toa jiwe. Leo hii, kabla hujasoma zaidi. Barua nyingine zote niliziacha zingoje mpaka zichoke, hii nampelekea Thobias mwenyewe stendi.

Maji yako yana shaba. Jiwe la duara halina dhahabu peke yake, lina na shaba ndani yake, na chumvi inailamba kidogo kidogo tangu siku mlipopiga makofi. Samaki wanaivumilia. Konokono, kamba na matumbawe haiwaachi. Pia limeziba mkondo wa maji, ndiyo maana uchafu unalala nyuma yake. Ukiligeuza chini utaona madoa ya kijani.

Badilisha robo ya maji leo, robo nyingine kesho kutwa, uendelee hivyo wiki mbili. Nimeweka kwenye bahasha hii mfuko wa mkaa wa kuchujia, ni wa mwisho niliokuwa nao sandukuni. Uweke maji yanapopita kwa nguvu. Usitumie mkaa wa jikoni, nakujua. Pale uyoga ulipooza, kata kwa wembe mpaka ufikie nyama safi.

Niliijua shaba tangu chupa ya kwanza. Uliponiandikia konokono wamekufa na samaki wazima, nilijua kabla ya kupima, na nilipopima maji yakageuka bluu mbele ya macho yangu. Nilikaa nayo siku kumi na nane ndipo nikakujibu habari za chumvi. Uliponitajia jiwe nilijua inakotoka. Nikakuandikia habari za pampu. Yote niliyokuandikia yalikuwa ya kweli, na niliyachagua ili yasitoshe.

Nilitaka ushindwe uniite. Nilijiona nashuka stendi ya Geita na sanduku langu, Mzee ananipokea, wewe umeshika taulo. Niliiona kila siku nikipalilia, mpaka rangi ya shati nitakalovaa. Sikujua ninayemuua ni Gelasi.

Hata asingekuwa yeye, ilikuwa ni kazi yako na mkate wa Blessing.

Barua yako nimemsomea mama yote bila kuruka. Nami nikamwambia ya shaba. Akaniambia niende stendi.

Gelasius


Geita, 11 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Mwambie mama sherehe imepita salama, ubwabwa ulitosha, Loveness amelia vya kutosha na Blessing alicheza ngoma mpaka akapoteza kiatu. Meno yake yameota, mluzi umekwisha.

Hiki ndicho kilichotokea. Barua yako ilifika Jumamosi. Mzee alikuwa Nyarugusu kwenye maduara yake na kwa simu hapatikani. Sikungoja. Mimi na Masudi tulivua viatu, tukalitoa jiwe kwa blanketi, likatuvunjia vigae viwili vya sakafu. Chini lilikuwa la kijani kama ulivyosema.

Mzee alirudi Jumatatu. Aliliona jiwe lake juu ya gunia, akalisogelea. Halafu akasema, "Coletha, umeniondolea duara langu kwenye maji?" Wote pale mapokezi wakawa wanaangalia viatu vyao. Nililigeuza nikamwonyesha ule ukijani. Mtu amechimba miaka ishirini na tano, hakuhitaji kuelezwa. Alilikwaruza kwa kucha, akanusa kidole, akacheka mpaka akakaa chini. "Hii shaba," akasema. "Nimeitupa shaba hii malundo mangapi, halafu nimewanywesha samaki wangu." Sasa jiwe liko mlangoni, limejengewa kisanduku cha kioo, na wageni wanaliinamia kama linawaitikia salamu.

Akaniuliza, "Nani kakufundisha kuiona?"

Kaka, jina lako lilifika mpaka kwenye meno. Kisha nikakumbuka siku zile kumi na nane. Nikasema, "Nimeiona mwenyewe." Akanipa mkono mbele ya watu wote na sasa ananiita fundi mkuu. Sioni aibu, au naiona kidogo jioni nikifuta kioo. Wewe ulinificha miezi miwili, mimi nilikuficha mwaka mzima. Sitaki tukae tuhesabu.

Wa kwako hakufa. Kilibaki kipande cha ukubwa wa kiganja cha Blessing, nikakikata kwa wembe ulivyonionyesha Tandika, nikakifunga kwenye jiwe safi kwa uzi mweusi. Siku ya sherehe kilikuwa kimefunguka. Vidole vyake vyote vilikuwa nje vinapunga.

Mzee ameagiza kila kiumbe kiandikiwe jina kwenye kibao kidogo chini ya kioo. Wengine nimewaandika kama walivyo kwenye kitabu. Huyu nimemwandika Gelasi. Wageni wakiniuliza Gelasi ni nani, nawaambia ni uyoga.

Mzee ameniuliza pia kama nahitaji mtu wa kunisaidia, maana anataka tangi la pili kule Katoro. Nimemwambia nitafikiri. Bado nafikiri.

Chupa ya maji hiyo hapo. Nipimie, na safari hii uandike yote.

Coletha


Runzewe, 18 Mei 2025

Mama Blessing,

Marahaba. Mama anakusalimu, magoti ni yaleyale. Dagaa ameanza kula majani. Picha yangu imerudishwa ukutani, lakini mama amepigilia msumari mpya, kalenda yako haikuguswa.

Chumvi ishirini na tano. Naitreti kidogo, inavumilika. Shaba hakuna, nimepima mara tatu. Hakuna kingine nilichopima.

Fikiri taratibu habari ya Katoro. Sikuharakishi. Nimefua lile shati, hilo peke yake ndilo nitakalosema.

Kuhusu Gelasi. Usimweke mbele ya pampu, anapenda maji yampitie kwa ubavu. Usimhamishehamishe kila mgeni anapokuja. Na siku moja utaamka umkute amejikunja mwili mzima, amekuwa kama ngumi, hataki kumwona mtu, siku nne au hata wiki. Usiogope, na usimguse. Wa aina yake ndivyo walivyo, anavua ngozi ya juu, akimaliza atafunguka mwenyewe. Wageni wakiuliza, waambie hajafa. Amenuna tu.

Kaka yako,
Gelasius